Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Gavana wa Mombasa: Daawa ya Waendao kwa Miguu

Mheshimiwa Gavana,

Naomba ruhusa nikuletee hadharani daawa ya watu ambao, ingawa ndio wengi katika kisiwa hiki, hawana chama wala msemaji, na ambao ni nadra kuulizwa wapitie wapi: yaani waendao kwa miguu.

Mtu akisimama Feri, kwenye kivuko cha Likoni, upande wa kisiwani, saa moja ya asubuhi, chombo kinapoteremsha mlango wake, hahitaji mtaalamu wa kumfasiria alionalo. Hesabu inayotajwa aghalabu ni ya abiria 300,000 na magari 6,000 kwa siku, yaani watu 50 kwa kila gari moja. Na watu hao, kwa kuwa matatu zilizowaleta Likoni zimewashusha ng'ambo, huvuka kwa miguu na kuupanda mteremko kwa miguu. Walakini wakishafika juu, lile gari moja hukuta lami imetengenezwa na kupigwa mistari, na wale hamsini hugawana mabaki.

Mabaki hayo utayaona kwa mama mwenye buibui, kikapu mkono huu na mtoto wa chekechea mkono ule, anayefika pahali ambapo gari limepandishwa magurudumu mawili juu ya ujia, na ubavuni mwake pana mtaro ambao kifuniko chake kimekwisha kung'olewa kikauzwa kwa mizani pamoja na vyuma chakavu. Naye, asiweze kupita kati ya bodi ya gari na shimo, hushuka barabarani akimvuta mtoto, na hunyoosha mkono ule ule wenye kikapu kuzizuia tuktuk zisimgonge. Mvua za Mei zikinyesha, hata lile shimo halionekani. Mzee mwenye bakora, au kijana wa kiti cha magurudumu, huyo hukaa nyumbani, kisha sisi husema kwamba mjini hakuna walemavu wengi.

Nimejiuliza sababu ya dhiki hii, na sidhani kuwa ni ukosefu wa fedha peke yake, wala chuki. Gari likisimama hulipa ada ya maegesho, matatu hulipa, mchuuzi naye hutozwa. Ama mpita njia haingizi hata senti katika sanduku la kaunti kwa kule kupita kwake, na asiyeandikwa katika daftari la mapato huelekea kusahauliwa katika daftari la matumizi. Hapo ndipo ilipo kasoro, na ndipo ninapokuomba upatengeneze kwanza.

Na kumpendelea aliyeketi kuliko aendaye kwa miguu kuna asili ya zamani. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, kabla ya motokaa kuenea, palikuwa na reli nyembamba katika mji huu, na juu yake vikapita vigari vyenye paa vilivyosukumwa na watu wakienda mbio, hali wakubwa wa serikali wameketi ndani. Na tangu siku hizo ujuzi wetu wa kumnyooshea njia aliyeketi haujapungua. Waliojenga Mji wa Kale walikuwa na fikira nyingine: walizisogeza nyumba hata kuta zikatupiana kivuli, wakaweka baraza milangoni, na mtu akitoka Ndia Kuu adhuhuri hufika Fort Jesus bila ya kuungua utosi. Nje ya hapo, mwarobaini ukikatwa kupanua barabara, haupandwi mwingine.

Sitaki uwafukuze wachuuzi wanaopanga bidhaa zao juu ya ujia. Wao na sisi ni riziki moja, na tumekwisha kuona askari wakiwaondoa leo na wao wakarudi baada ya muda mfupi, huku gari lililokalia ujia halikuguswa. Wapewe mahali pao palipopimwa, na mpita njia apewe pake.

Naelewa pia kwamba barabara nyingine ziko chini ya mamlaka za kitaifa. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limekukabidhi barabara za kaunti, taa za barabarani na maegesho, na hayo yanatosha kuanzia. Nairobi, katika sera yake ya mwaka 2015, iliahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara kwa ajili ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Ama jinsi ahadi ilivyotimizwa, hilo Wanairobi wenyewe watakueleza, lakini angalau wana maandishi ya kumwonyesha mtawala. Na katika nchi ambayo takribani thuluthi ya wanaokufa barabarani kila mwaka ni wapita njia, maandishi hayo si anasa.

Muradi wangu ni ujia mmoja usiokatika, kutoka Feri hadi Marikiti, na kutoka hapo hadi Sabasaba na Daraja la Nyali: mitaro iliyofunikwa kwa zege lisilouzika, vivuko vyenye taa, na miti. Makadirio ya bajeti yatakapoletwa mbele ya umma, kama sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 inavyotaka tushirikishwe, tungependa kuliona fungu la waendao kwa miguu limeandikwa peke yake, kwa kiasi chake na kwa jina la barabara itakayotangulia. Rai yangu ni kwamba itangulie ile itokayo Feri.

Wako kwa hishima,
Mwenda kwa miguu, Mombasa