Kadi ya sauti si dawa ya kila kelele

Goma – Kijana anayecheza michezo ya vita kwenye kompyuta anataka kusikia hatua za adui kabla hajamuona. Kelele ikiingia katika kaske zake, wengi humshauri anunue kadi ya sauti. Ni haraka ya bure.

Mwaka 1989, kampuni ya Creative ya Singapore ilipotoa Sound Blaster, kadi ilikuwa na maana kubwa, kwani kompyuta nyingi za wakati ule zilijua kulia “pii” tu. Leo karibu kila kompyuta ya mezani inakuja na sauti tayari kwenye ubao wake mkuu.

Basi mwenye mashine aanze na kisichomgharimu: achomoe kaske mbele, achomeke nyuma. Waya wa tundu la mbele hupita katikati ya vyombo vya umeme na kuokota kelele. Isipotosha, kadi ndogo ya USB inayokaa nje ya kasha mara nyingi humaliza shida kwa pesa kidogo. Kadi ya bei kubwa ina haki yake kwa kaske za om 250, zinazodai nguvu zaidi. Zile za om 32 hazina njaa hiyo.

Tena, katika mji ambamo umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, dola hizo zingefaa kwanza kununua kifaa cha kutuliza umeme. Sauti safi itamsaidia nini mtu ambaye kompyuta yake imeungua?