Kikambala Nyumba ya Nyanya Ndiyo Makao ya Watoto: Mbona Karatasi na Doh Hazifiki?

Ukiskia Kikambala akili yako inakimbia wapi? Hoteli za ufuoni, wageni wakiota jua, wikendi ya kuponda raha na mabeshte mkitoka Mombasa. Wakubwa wetu wanakumbuka Novemba 2002, hoteli ya Paradise ilipolipuliwa. Sawa. Lakini leo shuka stage, geuka uipe bahari mgongo, vuka barabara ya Malindi uingie ndani vijijini. Huko kuna kitu hakuna msee anapiga picha: watoi wanaolelewa na watu ambao si wazazi wao. Nyanya. Mama mdogo. Shangazi. Wakati mwingine jirani tu.

Hakuna bango mlangoni. Hakuna mfadhili anayeshuka na katoni za biskuti. Ni sufuria moja ya sima inayogawanywa na watu wengi kuliko ilivyopangiwa.

Najua kwa sababu mimi ni mmoja wao. Mama mdogo ndiye alinilea. Nikiwa kidato cha 2 alienda ofisi moja kuniombea basari, akarudishwa mara 3. "Mzazi yuko wapi? Kama amefariki leta cheti cha kifo. Kama yuko hai aje mwenyewe." Mama mdogo alikuwa amenilisha miaka 9, lakini kwa ile meza alikuwa mtu baki. Mwaka huo nilikaa nyumbani muhula mzima. Chuo nacho niliachia njiani, hiyo ni stori ya siku nyingine.

Hapa ndipo shida ilipo, na si upendo unaokosekana. Pwani upendo tunao. Kinachokosekana ni karatasi na doh.

Sheria iko, tena iko fiti

Mwaka 2022 Kenya ilipata Sheria mpya ya Watoto, ikachukua nafasi ya ile ya 2001. Mwaka huohuo serikali ikatoa mpango wa miaka 10, hadi 2032, wa kuwatoa watoto kwa makao na kuwarudisha kwa familia. Wazo lenyewe ni rahisi: makao ya watoto yawe hatua ya mwisho. Kwanza familia yake, ikishindikana jamaa, ikishindikana familia nyingine.

Na njia ziko kadhaa, usichanganye. Kuna ulezi, ambapo unatambuliwa rasmi kama mlezi. Kuna kufosta, unamlea mtoi kwa muda chini ya uangalizi wa afisa wa watoto. Kuna kuadopti, hapo mahakama inamfanya mtoi kuwa wako moja kwa moja. Kwa kuadopti, kama wewe si jamaa yake, lazima uwe umefikisha miaka 25 na umzidi mtoi kwa miaka 21 au zaidi. Mtoi awe amefikisha wiki 6, na mkae naye miezi 3 mfululizo kabla ya kupeleka ombi kortini.

Halafu kuna kafala, na hii kwa sisi watu wa Pwani ni kubwa. Muislamu anaweza kumchukua mtoto na kumlea kama wake, lakini mtoto anabaki na nasaba yake na jina la babake. Watu wetu wamefanya hivi tangu enzi za mababu. Sheria ya 2022 ndiyo imekuja kulitambua waziwazi.

Sasa doh

Kuna pesa ya serikali ya kusaidia nyumba maskini zinazolea mayatima na watoto walio hatarini. Majaribio yalianza 2004, na jirani zetu wa Kwale walikuwa kati ya wa kwanza, pamoja na Garissa na Nairobi. Leo iko chini ya Inua Jamii: 2,000 kwa mwezi. Piga hesabu. Ni kama bob 66 kwa siku, na ni ya nyumba nzima hata kama nyanya ana watoi 5. Hicho kiwango kimekaa palepale zaidi ya miaka 10 huku bei ya unga ikipanda ngazi. Na kuna miezi inachelewa mpaka duka linakataa kukopesha.

Cheki pia likizo. Tangu 2021 mwajiriwa anayejiandaa kuadopti ana haki ya mwezi mmoja wa likizo yenye mshahara kamili. Poa sana. Lakini mathe anayeuza mahamri stage ataomba likizo kwa nani? Msaada umeshonwa kwa vipimo vya mtu mwenye payslip, wakati wengi wanaolea huku hawajawahi kuiona.

Na usiseme haya ni mambo madogo. 2023, kaunti yetu hii ya Kilifi, msitu wa Shakahola ulitoa miili zaidi ya 400, mingi ya watoto. Kuna watoto waliotoka huko hai. Kamera ziliondoka, lakini mtoto aliyeokolewa bado anahitaji mtu wa kumuamsha kesho asubuhi aende shule. Huyo mtu lazima asaidiwe, la sivyo tunamuongezea mzigo halafu tunampigia makofi.

Wageni nao, na wewe msee wa kuchanga birthday yako kwenye makao ya watoto, nia yenu safi. Lakini kama pesa yote ya huruma inaenda kwenye nyumba yenye bango, familia maskini inajifunza somo moja: mtoto akipelekwa kule atasoma, akibaki hapa atalala njaa. Hapo mtoi anatolewa kwao kwa sababu ya umaskini tu, na nyanya yake yuko hai.

Fanya hivi

Kama kwenu kuna mtoi wa aina hii, usingoje siku ya basari. Anza na chifu, halafu afisa wa watoto wa kaunti ndogo, ulezi uandikwe. Fuatilia cheti cha kuzaliwa mapema, kwa sababu kitaulizwa shuleni na kitaulizwa tena akifika 18 akitaka kitambulisho. Mzazi aliye hai anaweza kumtaja mlezi kwenye wosia au hati rasmi, kwa hivyo ongeeni wakati mko na afya. Ukiona mtoi anateswa au ametupwa, piga 116, ni bure.

Na siku ukishuka Kikambala na katoni yako ya biskuti, uliza pia nyumba ya nyanya iko wapi. Mpelekee unga, daftari, au nauli ya kufika kwa afisa wa watoto. Mama mdogo wangu angepata mtu wa kumwambia akaandikishe ulezi mapema, ule muhula ningekuwa darasani.