Kibaba Kisichopakuliwa

Si vibaya jamaa kukusanyika kusherehekea. Ubaya ni kuuita mlo wa urithi kwa sababu tu ya umri wa kuta zinazouzunguka. Jamaa wa Ntalikwa, kata iliyo pembezoni mwa Manispaa ya Tabora, wakitaka kumpongeza binti aliyehitimu, huona fahari kumpeleka mjini, katika jumba la enzi ya Mjerumani. Watapiga picha barazani, watasifu unene wa kuta, kisha wataletewa kuku, chipsi na pilau, na shughuli itasemwa kuwa ya kihistoria. Historia ya nani?

Mjerumani ni mgeni wa juzi. Reli yake ilifika Tabora mwaka 1912, na mwaka 1916 Wabelgiji wakauteka mji. Kabla yake, katika karne ya 19, Unyanyembe ilikwisha kuwa njia panda ya misafara ya kwenda Ujiji, Karagwe na Buganda. Kutoka Bagamoyo ni kiasi cha kilomita 800, mwendo wa miezi mitatu hivi kwa miguu, na mzigo wa mpagazi mara nyingi ulifikia frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Posho yake ya kawaida ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Watu wa pwani husema kila uchao kuwa haba na haba hujaza kibaba. Ni wachache wanaokumbuka kuwa kibaba hicho ndicho kilichoilisha njia nzima.

Pilau yenyewe haina kosa. Mpunga na miembe ilipanda bara pamoja na misafara ya pwani, ikamea, ikawa ya Tabora. Lakini mgeni akiketi, mwenyeji hutolewa nje? U wapi ugali wa mtama kwa mlenda? Ziko wapi karanga, michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyoanikwa kwa ajili ya miezi ya ukame? I wapi asali ya miombo? Hivyo huitwa vyakula vya dhiki, visivyofaa kuwekwa mbele ya wageni.

Wala visiwani wasicheke. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na pembe zilizoshuka pwani mabegani mwa wapagazi zilichangia utajiri uliojenga majumba yake. Leo watu hulipa ili wale chini ya boriti hizo, wakisimuliwa habari za masultani na karafuu. Mpagazi hatajwi. Hata akitajwa, huchanganywa na mtumwa. Watumwa walipita njia hiyo kwa minyororo, na hilo halifichiki. Lakini Wanyamwezi wengi waliobeba mizigo walikuwa watu huru, wakipatana ujira, na wakiutua mzigo posho ilipopunjwa. Kuwachanganya ni kuwadhulumu wote wawili: mmoja hunyimwa machungu yake, mwingine hunyimwa heshima ya kazi yake.

Tena hawa si watu baki. Babake Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alioa Unyanyembe, kwa Mtemi Fundikira. Pwani na bara walikwisha kula sinia moja kama wakwe. Waliotenganisha sinia hilo ni warithi wao.

Watasema wenye mikahawa kuwa sherehe si darasa, na mteja ndiye mwenye fedha. Kweli, lakini ni wao waliobandika neno urithi mlangoni, na neno hilo lina deni. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe katika orodha ya awali ya UNESCO, Kwihara ikiwamo. Orodha haimlishi mtu. Kinachotakiwa ni kidogo: mlenda na michembe viandikwe kwa majina yao, vipikwe kwa ustadi ule ule unaopewa pilau, na viuzwe bila kuonewa haya. Na jamaa wa Ntalikwa, watakapokwenda tena mjini kumpongeza binti yao, waviagize kwanza, kisha wamwachie bibi aliyeketi nao aeleze vilikuwa vyakula vya nani, naye binti asikilize kabla ya kupigwa picha.