Wauguzi wa maumivu: somo la Embu kwa kaunti zetu za Pwani

Hapa Pwani ukitaja Embu, watu watakutajia muguka. Mei 2024, Mombasa na Kilifi zilipoipiga marufuku, mimi nilikuwa huko huko inakotoka, muuguzi wa mkataba wa muda. Kila mgonjwa aliyeitambua lafudhi yangu aliniuliza kwa nini watu wetu wanawanyima riziki. Nilicheka nao, yakaisha. Lakini nililorudi nalo nyumbani si habari za muguka. Ni kazi ambayo sikuiomba.

Nilisomea uuguzi KMTC Meru. Kama wenzangu wengi, hesabu yangu ilikuwa nipate uzoefu wa chumba cha upasuaji, kisha nijaribu Ghuba, au Uingereza iliyotia saini makubaliano na Kenya kuhusu wahudumu wa afya Julai 2021. Mkataba wa kwanza nikaupata Embu. Wiki ya pili metroni akaniita: "Binti wa Mombasa, wewe una upole. Nenda ukashike tiba shufaa, mwenyewe yuko likizo ya uzazi." Usiku ule nililia. Nilidhani nimetumwa kukaa na watu wakingoja kufa.

Sivyo. Tiba shufaa ni kumtunza mtu mwenye maradhi mazito, kama saratani, ili maumivu, kichefuchefu, vidonda na hofu visimtese yeye na jamaa zake. Inaweza kuanza mapema, sambamba na matibabu mengine.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee wa Mbeere mwenye saratani ya umio. Kwa majuma mawili alikuwa akikesha ameketi kitini, na binti yake hana cha kumpa ila panadol. Daktari akamwandikia mofini ya maji. Nikamwonyesha binti namna ya kuipima, saa za kuinywesha, na dalili za kuchunga. Siku ya tatu nilipopiga simu, mzee alipokea mwenyewe. "Sista, nimelala," akasema. "Na uji nimekunywa." Alifariki mwezi uliofuata, kitandani kwake, watoto wakiwa karibu. Tangu hapo sikukitamani tena chumba cha upasuaji.

Sasa nije kwenye shida yenyewe, maana ni ya kaunti zote.

Kwanza, sahihi. Kila nilipohitaji mofini nilimsubiri daktari, na daktari alikuwa na wadi nzima ya kuhudumia. Kuna siku mgonjwa alirudi kwao mikono mitupu kwa sababu gari lake la mwisho lilikuwa linaondoka. Jirani zetu Uganda walilitatua hili 2004, walipowaruhusu kisheria wauguzi waliosomea fani hii kuandika mofini. Kama Uganda imeweza, sisi tuna udhuru gani?

Pili, uhamisho. Baada ya miezi mitano zamu zilibadilishwa nikapelekwa wadi ya wazazi. Niliacha daftari lenye wagonjwa 14 walioko majumbani, na hakuna aliyepangiwa kulipokea. Baadhi yao waliendelea kunipigia kwa simu yangu mwenyewe. Kwa mpanga zamu, muuguzi ni muuguzi, popote mweke. KMTC inafundisha stashahada ya juu ya tiba shufaa. Lakini faida yake iko wapi, ikiwa mtu anasoma, anarudi kazini, kisha anawekwa popote penye pengo?

Tatu, hofu yetu wenyewe. Sisi watu wa Pwani tumezika vijana walioangamizwa na unga, kwa hivyo neno mofini linatutisha. Namwelewa mama anayeikataa chupa. Lakini mofini inayopimwa kwa kipimo cha daktari, kwa mtu mwenye maumivu ya saratani, ni dawa kama dawa nyingine. Hilo linahitaji mtu wa kulieleza kwa Kiswahili chetu, barazani na misikitini, si kwa karatasi ya Kiingereza.

Meru ina hospisi, Embu wana yao ya Embu-Mbeere, na sisi tuna Coast Hospice mjini Mombasa. Si haba. Lakini mgonjwa wa Faza au Kipini atafikaje Mombasa kila chupa inapokwisha? Hospisi moja haiwezi kuubeba mwambao mzima. Tangu 2013 afya iko mikononi mwa kaunti, na kaunti ndizo zinazoajiri wauguzi. Zinaweza kuweka nafasi ya muuguzi wa tiba shufaa katika kila hospitali ya kaunti ndogo, kwa cheo na mshahara wake, asihamishwe ovyo. Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, mabishano yetu yamekuwa shilingi ngapi zitalipwa kwa saratani. Ni haki kuuliza hivyo. Lakini tuulize pia nani atapiga simu siku ya tatu.

Mimi nimerudi nyumbani, na fomu za Uingereza ziko kabatini hazijajazwa. Nataka kuifanya kazi hii hapa. Wagombea wakija kuomba kura 2027, msiwaulize tu ni majengo mangapi watajenga. Waulizeni watawaajiri wauguzi wangapi wa maumivu, na katika hospitali zipi.