Bustani ya Kulipia na Bustani ya Umma

Watoto wetu wapitao Vauxhall hawajui kwamba mahali pale palikuwa na bustani ya starehe iliyovuma Ulaya nzima. Mwenye shilingi yake aliingia, akasikiliza muziki chini ya maelfu ya taa, akatazama fataki na watu wakipaa kwa puto. Ilifungwa mwaka 1859, na ardhi yake ikajengwa nyumba. Bustani ya Cremorne, kule Chelsea, ikaifuata mwaka 1877, baada ya majirani kuchoshwa na kelele na ulevi.

Watu wa mashariki ya London, waliobanwa na moshi na vyumba finyu, waliomba hewa tu. Mwaka 1840 walimpelekea Malkia Victoria ombi lenye saini 30,000. Mwaka 1845 wakafunguliwa Victoria Park, isiyo na kiingilio. Bustani hiyo ingalipo.

Nasi tunaowafungia watoto ndani kwa hofu ya ugenini, tuwatoe. Yaliyoombwa na wanyonge wa jana ni haki ya watoto wetu leo. Tuchukue mkeka, chai na maandazi, tukae nao. Na wakati wa sala ukiingia, majani ni mapana.