UMATI SI CHAMA

Wapo watu wanaodhani ya kuwa mtawala akisha kuanguka, kazi imekwisha. Historia ya Misri, na historia yetu wenyewe hapa Ubena, zaikanusha dhana hiyo.

Mwezi Septemba 1905 Wabena waliishambulia misheni ya Kilutheri ya Yakobi, karibu na Njombe. Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwezi Julai katika milima ya Umatumbi kwa sababu ya kulimishwa pamba kwa nguvu, vilikuwa vimefika nyanda za juu. Imani ya maji iliwaunganisha watu wa makabila mengi, nasi twauheshimu umoja ule. Lakini dawa haikuzuia risasi, wala wapiganaji hawakuwa na uongozi mmoja. Wajerumani waliteketeza vijiji, mashamba na maghala, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko bunduki. Vifo vyote hukadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000.

Mashujaa wale hawakufa bure. Mwalimu Nyerere aliwakumbuka mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956. Lakini TANU, iliyozaliwa tarehe 7 Julai, 1954, haikuwapa watu maji. Iliwapa kadi, tawi na mkutano; na Tanganyika ikapata Uhuru wake mwaka 1961 bila ya vita.

Sasa na tuitazame Misri. Tarehe 25 Januari, 2011, wananchi waliinuka, wakaujaza uwanja wa Tahrir mjini Cairo. Vijana walitangulia, na katika siku za mwisho wafanyakazi nao waligoma. Tarehe 11 Februari, baada ya siku 18, Hosni Mubarak aliyetawala karibu miaka 30 akajiuzulu.

Kulipokucha, ilionekana kuwa waliojipanga ni wawili tu: jeshi na Udugu wa Kiislamu. Mohamed Morsi alichaguliwa kuwa Rais mwezi Juni 2012. Tarehe 3 Julai, 2013, baada ya maandamano makubwa ya kumpinga, jeshi likamwondoa; na mwezi uliofuata mamia ya wafuasi wake wakauawa katika siku moja. Mwaka 2014 aliyekuwa mkuu wa jeshi, Abdel Fattah el-Sisi, akawa Rais. Wengi waliolala uwanjani wakidai uhuru waliishia gerezani.

Lakini liko somo la pili, nalo latuhusu sisi wenye kadi. Mubarak naye alikuwa na chama. Katika uchaguzi wa mwaka 2010 kilitwaa karibu viti vyote vya Bunge. Miezi miwili baadaye makao yake makuu yalichomwa moto, na mwezi Aprili 2011 mahakama ikakivunja. Wenye kadi zake walikuwa wapi? Hawakuonekana, kwa maana kilikuwa chama cha wakubwa na matajiri. Watu walikiendea kutafuta vyeo, si kusema shida zao. Mwenye shida hakuachiwa mahali pa kuipeleka ila barabarani.

Kwa hiyo twawauliza wanachama wenzetu. Mkulima wa Igwachanya akicheleweshewa mbolea hata mvua za kwanza zikapita, huja kusema tawini? Kibarua wa shamba la chai akipunjwa ujira wake, je, huja? Na akija, hujibiwa? Katibu asiyeitisha mkutano kwa kuogopa maswali hakilindi Chama, anakichimbia kaburi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wazee wetu waliyatumainia maji. Wamisri waliutumainia wingi wao. Sisi tusiitumainie kadi iliyofungiwa sandukuni. Viongozi wa matawi, itisheni mikutano. Wakulima na wafanyakazi, hudhurieni, na semeni kweli bila ya hofu. Chama ni cha yule ambaye neno lake husikilizwa ndani yake.