Boksi la besi lisiuzwe, ibadilishwe spika

Najua wengi mko kwenye test wiki hii, lakini suala la boksi la besi limeanza kutugawa pale kikundini na Jumamosi tunakaa kikao kuamua. Nimeona nitoe dukuduku langu mapema, tukifika pale tusianze kupigizana kelele bure.

Kwa msiojua, kikundi chetu cha muziki kina boksi moja kubwa la gitaa la besi, la spika moja ya inchi 15. Tuliachiwa na bendi iliyovunjika hapahapa Tabora. Spika yake imekwisha. Koni imechanika pembeni, na mpiga besi akigusa uzi mnene unasikia koili inakwaruza kwenye sumaku. Sasa kuna kambi tatu. Wa kwanza wanasema boksi liuzwe kwa bei ya mbao, tuwe tunakodi vyombo kila tukipata shughuli. Wa pili wanataka bumu likitoka tuchange, tuagize boksi jipya kutoka Dar. Wa tatu, na mimi nimo, tunasema tununue spika ya bei nafuu tuifunge kwenye boksi hilohilo.

Nianze na hao wa boksi jipya. Jamani, boksi ni mbao, gundi na skrubu. Kinachochakaa ni spika, kwa sababu koni yake ni karatasi na koili yake ni waya mwembamba unaopata moto kila siku ya kazi. Spika ikifa, boksi halijafa. Hili letu ni la plaiwudi nene na maungio yake bado yamekaza. Ukiligonga ubavuni halitoi mlio wa kitu kilicholegea. Lingekuwa la chipbodi iliyonyeshewa mvua ikavimba, ningekuwa wa kwanza kusema likawe kuni. Lakini si hivyo.

Halafu kuna suala la mzigo. Boksi la namna hii linafika kilo 40 hivi. Spika peke yake, hata yenye sumaku kubwa, ni kilo chache tu na inaingia kwenye katoni unayoweza kuipakata kwenye basi. Mji wetu huu unajua gharama ya kuleta kitu kutoka pwani kuliko mji wowote. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, kila kitu kilichotoka Bagamoyo kilikuja mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi, kwa safari ya miezi. Watu wale wasingebeba mbao tupu kutoka pwani kuzileta Unyamwezi, nchi ya mininga! Sisi tunataka kulipia nauli ya mbao kutoka Dar wakati mbao tunazo.

Hao wa kukodi nao nawaelewa. Ukikodi, spika ikiungua ni shida ya mwenye vyombo. Ila tujiulize nani anakuwa na kauli. Muziki wa dansi wa nchi hii una historia ndefu ya wanamuziki kupigia vyombo visivyo vyao. NUTA Jazz, ambayo sasa tunaiita Msondo Ngoma, ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na vyombo vikawa vya chama. Bendi nyingine zilikuwa za jeshi, za polisi, za mashirika. Mwanamuziki akiondoka, gitaa linabaki kwa mwenyewe. Na mji huu si mgeni katika mambo hayo: Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids zote zilitoka hapa. Sisi hatuna shirika wala tajiri nyuma yetu. Tukiuza boksi, mazoezi yetu yatategemea ratiba ya mtu mwingine. Harusi ikimpata Jumamosi, sisi hatufanyi mazoezi. Kikundi kisichoweza kufanya mazoezi kinakufa kimyakimya, na hakuna atakayejua tarehe ya msiba.

Sasa nigeukie kambi yangu mwenyewe, maana na sisi tuna kimeo chetu. Neno "nafuu" linatulewesha. Wiki iliyopita mmoja wetu amerudi toka duka moja mjini na habari kwamba kuna spika ya wati 1,000, bei poa ile mbaya. Wadau, wati zilizoandikwa kwenye kibandiko si sauti. Mara nyingi namba hiyo kubwa ni ya kishindo cha nukta tu, wakati tunachohitaji ni wati ambazo spika inazihimili mfululizo. Na muhimu zaidi ni desibeli ambazo spika inatoa ukiipa wati moja na kusimama mita moja mbele yake. Chukua spika ya desibeli 97 na nyingine ya desibeli 91. Tofauti ya desibeli 6 maana yake ile ya pili inahitaji umeme mara nne ili ilingane na ya kwanza. Yaani ya kwanza ukiipa wati 100, ya pili itataka 400 kutoa sauti ileile. Amplifaya yetu haina hizo 400. Tutanunua "wati 1,000" na ukumbi hautasikia besi.

La pili ni omu. Amplifaya yetu imeandikwa nyuma kwamba isishuke chini ya omu 8. Spika nyingi za kwenye magari ni za omu 4 au hata 2. Ukifunga ya omu 4 pale, amplifaya itasukuma umeme karibu mara mbili ya inaoumudu, na usiku wa shughuli ndiyo utakuwa wa mwisho. Tutakuwa tumeokoa hela ya spika na kuzika amplifaya. Kupima ni rahisi: mita ya fundi ikisoma kama 6 hivi, hiyo ni ya omu 8, ikisoma 3 na kitu, hiyo ni ya omu 4, iache hapohapo.

La tatu ni boksi na spika kuoana. Watafiti wawili waliofanya kazi Australia, Neville Thiele na Richard Small, katika miaka ya 1960 na 1970 waliweka hesabu zinazoonyesha kwamba ujazo wa boksi, ukubwa wa tundu la hewa na ulaini wa koni ni mambo yanayokwenda pamoja. Spika ikiingia kwenye boksi lisilo lake, besi inavuma noti moja na nyingine zinapotea. Boksi letu lina tundu la hewa mbele, na boksi la namna hiyo halisamehe kama lililozibwa pande zote. Chini ya noti ambayo tundu limepangiwa, hewa haiizuii tena koni, inapepea tu mpaka inachanika. Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne unatetemeka mara 41 kwa sekunde. Ule wa tano kwenye besi za nyuzi tano ni kama mara 31. Kwa hiyo ndugu yetu mwenye nyuzi tano ajue kabisa kwamba uzi ule si wa kupigwa kwa nguvu zote kwenye boksi hili.

Pendekezo langu basi ni hili. Kwanza, kabla hatujanunua chochote, spika ya zamani ipelekwe kwa fundi atuambie kama inasukika. Sumaku na fremu yake ni nzima. Ikisukwa koili na kuwekewa koni mpya yenye ukubwa na uzito kama ile ya mwanzo, inaweza kuwa bora kuliko mpya ya bei rahisi, na inalijua boksi lake tayari. Pili, ikishindikana, tununue spika ya muziki wa jukwaani, siyo ya gari, ya omu 8, yenye karatasi inayoonyesha desibeli zake. Duka lisiloweza kutuonyesha karatasi hiyo tuliage kwa heshima. Tatu, tupime tundu la mbele kabla ya kulipa, maana inchi 15 ya kampuni moja si lazima iingie kwenye tundu la nyingine. Nne, kazi ya kufunga tuifanye wenyewe: sponji nyembamba kuzunguka ukingo hewa isivuje, skrubu zikazwe kwa kupishana kama nati za tairi, na kujua chanya na hasi tutumie betri ya volti 1.5. Ukigusisha, koni ikitoka nje, upande wa chanya wa betri ndio chanya ya spika. Kipande cha mninga cha kuimarishia mgongo wa boksi tutakipata kwenye karakana yoyote ya seremala.

Kwa bei tulizotajiwa, hata spika ya kueleweka ni kama sehemu ya kumi ya boksi jipya, kabla ya nauli. Hela itakayobaki tununue nyaya, kwa sababu nyaya zetu nazo hali ni mbaya, tusidanganyane.

Na kuna la mwisho linalotuhusu sisi wa ualimu. Baada ya hapa wengi tunapangiwa shule ambazo stoo zake zimejaa vitu "vibovu": ngoma, redio, kinanda, vipaza sauti. Mwalimu anayejua kutofautisha kilichokufa na kilichoharibika sehemu moja ataanzisha kikundi cha muziki mwaka wa kwanza. Asiyejua ataandika barua ya kuomba bajeti na kungoja mpaka anahamishwa. Afadhali ujuzi huo tuupate hapa, kwenye boksi letu wenyewe.

Wa kukodi na wa boksi jipya njooni na hesabu zenu Jumamosi, nitazisikiliza. Lakini mkija na "wati 1,000" tu, tutakesha.

Naomba kuwasilisha.